Upande Aliotembea Raihana

Asubuhi ile Muhdhar alipoukwea mnazi wa tatu katika shamba la Bi Ummu, alikuwa na miaka arubaini na miwili katika kazi hiyo, na hapakuwa na mtu Chundwa aliyedhani kwamba angekwea asiweze kushuka. Alikuwa mwembamba, mrefu wa mikono, nyayo zimekomaa hata hazihisi tena makali ya vipandio vilivyochongwa kwenye shina. Alikwea bila haraka, panga limechomekwa kiunoni kwa nyuma. Alipofika juu akajiweka sawa katikati ya makuti, akainua uso kutafuta kole lenye nazi zilizokauka.

Ndipo mbingu ikageuka.

Hakikuwa kizunguzungu cha njaa wala cha jua. Hivyo alivijua, na dawa yake ilikuwa kutulia kidogo kivulini. Safari hii makuti, wingu na minazi ya shamba la pili vyote vilikimbia upande mmoja, mbio, bila kusimama wala kufika popote. Muhdhar akafumba macho na kuukumbatia mnazi. Mate yakamjaa kinywani, chai ya asubuhi ikapanda ikatoka. Baada ya muda, labda dakika moja, dunia ikatulia. Akafumbua macho, akainamisha kichwa kutafuta kipandio cha kwanza cha kushukia, na dunia ikaanza upya.

Bi Ummu, mwenye shamba, alikuwa ameketi chini kwenye jamvi lake. Aliona panga likianguka peke yake, akajua kuna jambo. Akaita. Juu mnazini Muhdhar aliisikia sauti yake kama uvumi tu, isiyo na maneno ndani yake, wala hakujua inatoka upande gani. Hakujibu. Bi Ummu akaita mara tatu, kisha akainuka na miaka yake sabini na kitu, akavuka ua na kuingia shamba la jirani, ambako Hamdu alikuwa akipalilia simsim.

Hamdu alikuwa kaka wa marehemu Raihana, mke wa Muhdhar. Ujanani yeye na Muhdhar walikuwa wakikwea pamoja, shamba moja, kila mmoja mnazi wake, wakishindana na kutaniana huko juu hata watu wa chini wakawaomba wapunguze kelele. Hamdu aliacha kazi hiyo miaka kumi na tano nyuma, goti lilipoanza kumsumbua na tumbo likatangulia mbele. Na kwa miaka mitano sasa yeye na Muhdhar hawakuwa wakisemezana. Katika mji mdogo kama Chundwa kutosemezana ni kazi ngumu: mtu achague kichochoro cha kupita, achague safu ya kuswalia, aangalie nani amekaa barazani kabla ya kukaribia. Waliifanya kazi hiyo vizuri, wote wawili, na watu walikwisha zoea.

Hamdu akaja mpaka chini ya mnazi, akatazama juu. Akavua viatu, akakikaza kikoi, akaanza kukwea.

Muhdhar, macho yamefumbwa, aliuhisi mnazi ukitikisika kwa uzito wa mtu. Kisha akahisi mkono umemshika kifundo cha mguu, na sauti aliyoijua vizuri kuliko sauti ya mtu yeyote aliyebaki hai, ikitoka karibu kabisa.

"Usifungue mato," Hamdu alisema. "Nipa mguu."

Akampa. Hamdu akauweka mguu ule kwenye kipandio. Akaomba wa pili. Wakashuka hivyo, kipandio kwa kipandio, Hamdu akitangulia kwa goti lake bovu na kumpangia mwenziwe miguu kama anayemvisha mtoto viatu. Ilichukua muda wa kuiva chungu cha wali. Walipofika tini, kama wasemavyo wenyewe, Muhdhar akalala kifudifudi kwenye mchanga na kuushika kwa mikono yote miwili. Akamshukuru Hamdu huku uso bado uko mchangani. Alipojaribu kuinuka, Hamdu alikuwa amekwisha okota viatu vyake na kuondoka. Kama alisema neno, Muhdhar hakulisikia.

Siku zilizofuata ndipo watu walipojua kwamba halikuwa jambo la siku moja. Kwa wiki nzima kabla ya hapo Muhdhar alikuwa akiamka alfajiri, akijigeuza ubavu wa kulia kitandani, na chumba kikimzunguka. Hakumwambia mtu. Alijiambia kuwa ni uchovu. Sasa habari zilienea, na kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na rai yake. Mmoja alisema ule mnazi una wenyewe, majini. Mwingine alisema ni damu imepanda kichwani. Mwalimu Idarus wa chuoni, aliyewasomesha watoto wa mtaa ule Kurani tangu zamani, alimwandikia kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji, Muhdhar akalinywa, na kwa kweli moyo ulitulia. Lakini alipojilaza, dari ilizunguka kama jana yake. Mwalimu Idarus mwenyewe ndiye aliyemwambia asingoje zaidi, aende hospitali Lamu, na akampigia simu Fahima.

Fahima alikuwa binti pekee wa Muhdhar na Raihana, mwalimu wa shule ya msingi, akiishi Wiyoni, mtaa wa Lamu, na mumewe na watoto. Alikuja na boti ya asubuhi mpaka gati la Mtangawanda, akamchukua baba yake, wakarudi na boti ya mchana. Njia nzima Muhdhar alikaa ameinamisha kichwa, amekishika kwa mikono kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa.

Aliyewapokea hospitalini ni mtaalamu wa masikio, mwanamke wa makamo aliyeitwa Cherotich, mzaliwa wa Kericho, aliyekuwa amekaa Lamu miaka sita na kuwazoea watu wake. Alimsikiliza Muhdhar mpaka mwisho bila kuandika. Akamwuliza kinaanza akifanya nini, kinadumu kiasi gani, na kama kinakuja akiwa ametulia tuli. Muhdhar alisema kinaanza akijilaza, akijigeuza kulia, au akitazama juu; na akitulia, hakimalizi dakika. Cherotich akaitikia kwa kichwa, kwa namna ya mtu aliyeonyeshwa nyumba anayoijua.

Akamketisha kwenye kitanda, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili, akakielekeza kulia, akamwomba radhi kwa atakachomfanyia, kisha akamlaza chali kwa haraka, kichwa kikining'inia kidogo ukingoni. Chumba kikaruka. Muhdhar akaushika mkono wa yule mwanamke bila kujali haya.

"Macho wazi, Mzee. Nataka kuyaona," Cherotich alimwambia, na hakumwachia kichwa. Akayatazama jinsi yalivyokuwa yakicheza yenyewe, yakipepesuka kuelekea upande mmoja na kurudi, mpaka yakatulia.

Hapo akamweleza. Ndani kabisa ya sikio, alisema, kuna mifereji mitatu midogo iliyopinda, imejaa maji, na maji hayo ndiyo yanayoiambia akili kichwa kimeelekea wapi. Karibu na mifereji hiyo zipo chembe za chokaa, ndogo kuliko mchanga. Zake za sikio la kulia zilikuwa zimetoka mahali pake na kuingia mferejini. Kila alipoinua kichwa ziliteremka, zikayasukuma maji, na akili ikaamini kuwa mwili unazunguka.

"Chokaa," Muhdhar alisema. "Hii ya kupakia nyumba?"

"Ya jinsi hiyo hiyo, Mzee. Na haihitaji sindano wala kidonge. Tutazirudisha kwao."

Akamlaza tena. Akangoja. Akakigeuza kichwa pole pole kuelekea kushoto, akangoja. Akamgeuza mwili mzima mpaka akalala ubavu wa kushoto, uso ukitazama sakafu, akangoja tena, akihesabu kwa sauti ndogo. Kisha akamwinua akakaa. Alirudia mara tatu. Muhdhar, aliyekuwa amekaza meno, alijikuta ameyalegeza. Tangu Raihana afe hakuna mtu aliyekuwa amemshika kichwa. Kila Ijumaa kabla ya swala Raihana alikuwa akimketisha kwenye kibao uani, akimpaka mafuta ya nazi kwa vidole vyake vifupi, akimgeuza huku na huku kana kwamba kichwa kile ni chake yeye, akimsimulia habari za wiki nzima. Miaka mitano alikuwa hajakumbuka vile vidole. Sasa vilirudi vyote kwa pamoja, na Cherotich alipomwuliza kama ana maumivu, alisema hana.

Mara ya tatu alipolazwa, chumba hakikuruka. Alikaa akikingoja kizunguzungu kama mtu anayemngoja mgeni asiyempenda, na mgeni hakuja. Fahima, aliyekuwa amesimama mlangoni, akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Muhdhar alidhani wamemaliza. Lakini Cherotich alikuwa amegundua jambo jingine tangu mwanzo. Kila alipomwambia neno akiwa upande wa kushoto, mzee huyu ama hakujibu, ama aligeuza uso mzima kumtafuta. Akatoa chuma kidogo chenye panda mbili, akakigonga gotini kwake, akakisimamisha katikati ya paji la uso la Muhdhar. Akamwuliza sauti anaisikia wapi. Muhdhar alisema kulia. Akampeleka kwenye chumba kidogo kilichozibwa kelele, akamvalisha vikombe vya masikioni, akampa kitufe cha kubonyeza kila asikiapo mlio. Kwa sikio la kulia alibonyeza na kubonyeza, ijapokuwa milio mingine myembamba ilimpita. Kisha ukaja muda mrefu ambao hakubonyeza kitu. Akafikiri mashine imezimwa.

Haikuwa imezimwa. Cherotich alimwonyesha karatasi yenye mistari miwili, mmoja umeshuka kidogo kama ngazi ya ghorofa, mwingine uko chini kabisa.

"Huu wa chini ni sikio la kushoto," alisema. "Halisikii kitu, Mzee, na si jambo la juzi. Uliwahi kuugua nini?"

Muhdhar akafikiri. Akakumbuka mwaka ambao matumbwitumbwi yaliwapata watoto wa Chundwa, na yeye, mtu mzima wa miaka hamsini, akayapata pia, mashavu yakavimba hata Hamdu akamcheka wiki mbili. Baada ya hapo sikio lilivuma muda mrefu. Alidhani ni upepo wa huko juu umemzoea. Ulikuwa mwaka wa kumi na mbili sasa.

Cherotich alisema ndivyo yanavyofanya wakati mwingine, huua sikio moja na kuliacha jingine. Lililokufa halifufuliwi. La kulia lilikuwa limechoka kwa umri tu, na kifaa cha kusikilizia kingelisaidia. Kisha akamwuliza jambo ambalo Muhdhar hakulitegemea.

"Miaka kumi na mbili, na wewe hukujua. Kwa kawaida mtu akikaa hivyo bila kujua, nyumbani yuko anayemsikilizia. Nani alikuwa anakusikilizia?"

Muhdhar alitazama mkono wake wa kushoto uliolala juu ya paja. Alikuwa anamwona Raihana akitembea kando yake kwenda harusini, kwenda mazishini, kwenda shamba, na kila mara alikuwa upande huo. Miaka ya mwanzo ya ndoa haikuwa hivyo. Alikuwa akitembea popote. Kulikuwa na siku moja, hakukumbuka ipi, Raihana alipozunguka nyuma yake na kuhamia kushoto, na hakuhama tena, hata wengine wote wakawa wanamjia kwa kulia. Kitandani pia walibadilishana mahali. Alimwambia anataka kuwa karibu na dirisha. Na njiani, watu walipotoa salamu, alikuwa akimgusa kiwiko mpaka ageuze uso, ndipo akasema kwa sauti yake ya kawaida: Bi Ummu huyo akwamkua; Mwalimu Idarus auliza kuhusu makuti yake. Muhdhar alidhani ni maneno mengi ya wanawake. Mara moja au mbili alimwambia kwamba ana masikio yake mwenyewe. Raihana akaendelea.

"Mama," Fahima alisema badala yake. "Ni mama. Aliniambia nisikuudhi, Baba. Alisema utaona haya."

Muhdhar alikaa Wiyoni siku kumi. Cherotich alimlaza na kumgeuza tena mara moja, akampa mazoezi ya kufanya asubuhi, akaandika ombi la kifaa cha sikio, akamwonya kuhusu minazi. Chembe zile zinaweza kutoka tena, alisema, mwakani au wiki ijayo, na mtu aliye juu kiasi kile hana dakika moja ya kupoteza. Muhdhar hakubishana. Lakini jioni alikaa kwenye daka, baraza la mlangoni mwa nyumba ya Fahima, akiwatazama wapita njia na kufikiri habari za huko juu: mapaa ya Faza kwa mbali, mikoko ilivyojikunja kufuata maji, mashamba ya simsim yalivyogawanyika, na watu wa chini walivyokuwa wadogo, na Raihana miongoni mwao, kanga yake ya manjano, akiokota nazi na kuzirundika. Alikuwa akimtambua kwa mwendo. Tangu afe, alikuwa akikwea na kutazama chini kama mtu anayefungua sanduku analojua ni tupu.

Na siku zile ndipo alipoanza kuirudia miaka mitano iliyopita, akiigeuza kama Cherotich alivyomgeuza yeye. Watu waliosema Muhdhar amekuwa na kiburi tangu mkewe afe. Watu walioacha kumsalimu. Na Hamdu.

Siku zote aliamini kwamba anajua kwa nini Hamdu alimnunia. Raihana alipozidiwa, Hamdu alitaka apelekwe Mombasa siku ile ile. Raihana mwenyewe alikataa, akasema ngoja kwanza, na Muhdhar akangoja siku mbili. Walipofika Mombasa, madaktari walisema hata siku zile mbili zisingebadilisha kitu, lakini Muhdhar hakuwaamini, na alidhani Hamdu pia hakuwaamini. Hamdu alipoacha kumsemeza, Muhdhar aliuchukua ule unyamavu kama adhabu inayomstahili. Hakuuliza. Aliona kuuliza ni kuomba apunguziwe.

Sasa alikumbuka kitu kingine. Siku ya hitima ya arubaini ya Raihana, watu walipokwisha kula na kuanza kutawanyika, yeye alikuwa ameegemea ukuta, hana habari na dunia. Hamdu alikuja akaketi karibu naye. Alikaa kidogo. Kisha akainuka ghafla, uso umebadilika, akatoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Muhdhar alijaribu kukumbuka Hamdu aliketi upande gani. Alifumba macho akauona ukuta, mlango, zulia. Mlango ulikuwa kulia kwake. Hamdu aliketi upande wa pili.

Alirudi Chundwa siku ya Jumatano, na hakupitia nyumbani kwake. Alimkuta Hamdu uani, akifua nazi kwenye kifuo, ule mti wenye ncha uliosimikwa ardhini, akichana kumbi kwa mikono iliyokuwa bado na makovu ya mnazi wa Bi Ummu. Mkewe, Rumaisa, alikuwa mlangoni akichagua mchele. Hamdu aliinua uso, akaurudisha chini.

Muhdhar akavuta kigoda, akakaa mahali ambapo Hamdu angekuwa kulia kwake.

"Siku ya arubaini ya Raihana ulikuya ukakaa na mimi," alisema. "Uliniambia nini?"

Hamdu aliipiga nazi kwenye ncha, akaipindua, kumbi likaachia. Alisema Muhdhar anajua alichoambiwa.

"Siyui. Niambie."

Rumaisa aliacha mchele. Hamdu akasema, bila kumtazama, kwamba alimwomba ile mbuzi ya kukunia nazi ambayo Raihana aliipata kwa mama yao. Ilikuwa mbuzi ya zamani, ubao wake umelainika kwa kukaliwa na wanawake wa vizazi vitatu. Hakuwa na kitu kingine cha mama wala cha dada. Alimwomba kwa upole, akamwambia kama anaipenda basi ikae, lakini kama haina kazi kwake ampe. Muhdhar alitazama mbele, hakumpa hata la. Akamwuliza mara ya pili, na mara ya pili Muhdhar akamfanya kama hewa.

"Nikasema, sawa," Hamdu alimaliza. "Dada amekufa, na udugu umekufa naye."

Muhdhar akamweleza. Alieleza vibaya, akachanganya chokaa na matumbwitumbwi na chuma chenye panda mbili, akaitoa ile karatasi yenye mistari miwili mfukoni na kuikunjua juu ya goti. Hamdu aliisoma karatasi ambayo hakuielewa, akamtazama Muhdhar, akairudia. Ilionekana wazi kuwa anataka kuamini na anaogopa kufanywa mjinga. Akainuka, akazunguka nyuma ya kigoda, akainama upande wa kushoto.

Muhdhar hakujua alisema nini. Alichoona ni Rumaisa mlangoni akiziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka kwa aibu, na sinia la mchele likimteleza magotini. Hamdu akasema tena, na yaelekea hii ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa sababu Rumaisa aliingia ndani kabisa. Muhdhar aliendelea kukaa, akitazama kuku, akingoja.

Hamdu alirudi mbele taratibu. Midomo ilikuwa inamtetemeka, na Muhdhar hakuweza kutambua kama anacheka au analia, mpaka alipoona ni yote mawili. Akakaa chini kwenye makumbi, mtu mzito wa miaka sitini na tatu, akajifuta uso kwa kikoi.

"Miaka mitano," alisema.

"Nilidhani wanilaumu kwa zile siku mbili," Muhdhar alisema.

Hamdu alitikisa kichwa. Alisema zile siku mbili alikwisha zisamehe hata kabla ya kaburi kukauka, maana alimjua dada yake. Akisema ngoja, hapakuwa na mtu wa kumwinua. Muhdhar alimwuliza basi kwa nini alikwea mnazi siku ile. Hamdu akaona swali hilo la ajabu. Alisema alimwona amekaa juu kule, na angefanya nini, amwache?

Kesho yake Muhdhar alimpelekea mbuzi. Rumaisa aliipokea kwa mikono miwili, na mchana huo huo akaikalia kukuna nazi ya mchuzi wa samaki. Yale maneno aliyotukanwa, Muhdhar hakuwahi kuambiwa, ingawa aliuliza zaidi ya mara moja.

Kifaa cha sikio kilifika baada ya wiki saba. Cherotich alikiweka nyuma ya sikio la kulia, kidude kidogo cha rangi ya mchanga, akamfundisha kukiwasha na kubadilisha betri. Alimwambia kitamchosha mwanzoni, na kweli kilimchosha. Kumbe makuti ya paa yalikuwa yakisema siku zote. Kumbe ndala zake zilikuwa na sauti, na Mwalimu Idarus alikuwa na kikohozi. Siku za kwanza alikizima mchana na kujilaza. Kisha akazoea, akaanza kukivaa asubuhi kabla ya kofia.

Kazi ya kukwea aliiacha. Bi Ummu alipata mtu wa Siyu wa kumwangulia, na nazi zilizoanguliwa zililetwa uani kwa Hamdu, Muhdhar na Hamdu wakizifua pamoja, Hamdu akiwa amekaa kulia. Wakati mwingine Muhdhar alisimama chini ya mnazi, akaweka kiganja kwenye kipandio cha kwanza, akakiacha hapo kidogo. Kizunguzungu hakikurudi ila mara moja, kidogo, na alijua la kufanya. Kilichomuuma kilikuwa kitu kingine, na hicho hakukipeleka hospitali.

Asubuhi moja, mikono ikiwa kazini, alimwambia Hamdu kwamba kwa miaka mingi amekuwa akicheka hadithi zake kwa kutazama wenziwe wamecheka lini. Hakusikia hata nusu. Akamwomba amsimulie upya zile za Raihana, yoyote, hata iliyochakaa.

Hamdu akafikiri. Akamwuliza kama anaijua ile ya posa. Muhdhar alisema anaijua posa yenyewe, alikuwako.

Hapana, Hamdu alisema, ile ya jioni kabla ya posa kujibiwa. Baba yao alikuwa amewaita ndani, akamwambia Raihana kwamba kijana wa minazi ameleta watu. Raihana hakumjibu baba. Alimvuta Hamdu nyuma ya kisima akamwuliza, huyu rafiki yako kuna kitu anachokiogopa? Maana alikuwa akimwona huko juu, mikono imeachia, akicheza, na mtu asiyeogopa kitu, alisema, atanitisha mimi. Hamdu alifikiri sana, hakutaka kumharibia rafiki yake. Mwisho akasema ukweli. Akasema Muhdhar anaogopa paka. Akimwona paka kichochoroni, hugeuza njia.

Muhdhar aliacha nazi kwenye ncha ya kifuo.

Raihana alicheka, Hamdu aliendelea, alicheka mpaka akashika ukingo wa kisima, kisha akaingia ndani na kumwambia baba kwamba amekubali.

Muhdhar hakuwa amemwambia mtu siri ile ila Hamdu. Kwa miaka thelathini na mbili nyumba yake ndiyo nyumba pekee katika mtaa ambayo paka hawakukanyaga. Raihana alikuwa akiwafukuza kwa ufagio tangu mlangoni, kila asubuhi na kila jioni, akilalamika kwamba hawapendi, kwamba wanachafua, kwamba wananyapia samaki. Lakini alipokwenda kwa Fahima, alikuwa akiwapakata paka wa huko. Muhdhar aliona hilo mara nyingi, akaliona kama ukaidi wa wanawake.

"Alikuwa anawapenda?" aliuliza.

"Paka? Mno," Hamdu alisema. "Tangu mtoto. Alikuwa na watatu."

Muhdhar akaitazama nazi iliyokwama kwenye ncha, akaipindua, kumbi likatoka zima. Akamwambia Hamdu aanze tena, pale kisimani, na asiruke kitu.